Neno la Mfukoni Lililomnyima Mkalimani Usingizi

Saa mbili kasoro asubuhi, korido ya mahakama inanuka dawa ya kusafishia sakafu. Mkalimani amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Anafungua chupa ya maji, anaifunga bila kunywa.

"Sijalala tangu jana," anasema. "Na si mbu."

Ni neno moja tu linalomsumbua. Kijana muuza vocha anashtakiwa kuvunja duka kwa mlango wa nyuma, na shahidi wake pekee ni fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Juzi fundi alisema: "Kwa pale nilipokaa, nilimwona kijana mbele ya duka muda wote." Kesi inaendeshwa kwa Kiingereza. Mkalimani akafasiri kwamba hayo ni maoni ya fundi.

Mwendesha mashtaka hakulaza damu. Alisema mahakama haihitaji maoni ya mtu, na fundi akaambiwa ashuke.

Mazoea yana taabu. "Mashahidi wengi huanza na 'mimi nafikiri', 'kwa upande wangu'," anaeleza. "Nikajiwekea neno la mfukoni, 'opinion', nawavisha wote kama sare ya shule. Kumbe 'opinion' ni unachofikiri, na 'point of view' ni pale unapoangalia. Fundi hakuwa anafikiri jamani, alikuwa anaangalia!"

Aligundua jana akiosha vyombo, sahani ikamponyoka. Mumewe, fundi rangi, alimshauri anyamaze.

"Yaliyopita si ndwele, mke wangu. Wewe ni kibarua, unaitwa kesi kwa kesi. Ukijianika hivyo nani atakuita tena?"

"Baba watoto, yule kijana bado yuko rumande. Hayajapita."

Mama wa kijana anafika, anakaa mwisho wa benchi. "Asante kwa kazi, mwanangu," anamwambia. "Bila wewe maneno yetu yangefikaje?" Mkalimani anainamia mkoba wake. Ana aibu, na haifichi.

Kesi inaitwa. Kabla ya lolote, ananyoosha mkono. Anasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili waliokaa nyuma wasikie: "Mheshimiwa, kosa ni langu, si la shahidi." Anaeleza neno alilolikosea.

Hakimu anaagiza fundi arudi. Anapanda kizimbani, gundi ingali vidoleni, anarudia yale yale. Sasa anaulizwa alikaa umbali gani, na kama kuna kitu kilimziba asione. Yaani, wanauliza alichokiona.

Kesi inaahirishwa. Karani anamwambia mkalimani asubiri nje, hakimu anataka kumwona.

"Wakinibakiza, neno la mfukoni nalitupa," anasema. "Nisipoelewa, nitaomba ruhusa nimuulize shahidi. Wakinifukuza, nitafundisha watoto wa mtaani kwetu Kiingereza. Nitaanza na 'opinion' na 'point of view'."

Mama wa kijana anatoka, anasimama mbele yake.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Mama anauchukua mkoba ulio kwenye benchi, anamwekea mapajani.

"Haya, sogea," anasema. "Tusubiri wote."