Jiwe Ndani ya Kompyuta ya Chama

Kompyuta ya kwanza ya chama chetu cha msingi cha wakulima wa korosho ilikuwa na jiwe tumboni.

Sisemi kwa mfano. Jiwe. Lile la kuvunja kidole.

Nyinyi mnaojua kompyuta mtabisha. Bisheni. Mimi ndiye niliyelitoa kwa mikono yangu, mbele ya wanachama wote, Newala, mwaka 2001.

Naitwa Jafari. Shule niliishia la nne, mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia dagaa. Ila kichwa changu hakisahau. Soko huria lilipoletwa tuliambiwa ruksa, kila mtu auze atakako. Wakapanda huku juu wanunuzi binafsi na mizani zao. Gunia ukilipima nyumbani limeshiba, likifika kwao limefunga Ramadhani! Ukiuliza, unaambiwa korosho zimekauka njiani.

Njia yenyewe kuvuka barabara tu.

Ndiyo maana tukachanga. Kila mwanachama alitoa debe la korosho, tukauza, tukapata laki tisa za kompyuta na kioo chake. Uzito wa kila mkulima uandikwe mahali ambapo karani hawezi kufuta kwa mate.

Mwenyekiti wetu Edmund, Baba Joel, akataka aende Masasi peke yake.

Nikasimama. "Peke yako kama nani? Tunakwenda watatu, na mizani yetu tunabeba!"

"Mizani ya nini, Jafari? Tunanunua kompyuta, si ufuta."

"Hivyo hivyo ndivyo walivyosema walanguzi. Mizani ya nini! Tukipigwa, nivueni ukatibu na mniite Mlanguzi mpaka kaburini."

Makofi hayo! Ningejua, ningekaa.

Tukateremka na Landrova, mimi, Edmund na mweka hazina wetu, Bi Ziada. Kuingia tu dukani kwa Ashraf, muuza kompyuta wa pale Mkomaindo, Masasi, nikajikwaa. Mlango ulikuwa umezuiwa na jiwe jeusi, likanimenya ukucha.

"Pole, mzee wangu," Ashraf akasema. "Bila jiwe hilo, upepo unaubamiza."

Kijana mpole. Nikamchukia papo hapo. Muuzaji mpole ana jambo.

Akatuonyesha sipiyu mbili nyeupe, yale masanduku yenye akili ya kompyuta, zinafanana kama mayai, bei moja. Na vioo viwili, kikubwa na kidogo.

Edmund macho yakaganda kwenye kikubwa. "Tuchukue hiki. Wanachama wasome uzito wao toka nje, dirishani."

"Mkichukua hicho, hela ya sipiyu haitoshi," Ashraf akamwambia. "Mtabaki na kioo kitupu."

"Hata hivyo kitapendeza ofisini."

"Baba Joel!" Bi Ziada akamaka. "Debe langu la korosho nimelitoa likapendeze?"

Tukashika kioo kidogo. Ikabaki sipiyu. Ashraf akaanza kutumwagia maneno, mara ramu, mara diski, mara kasi. Nikamnyamazisha kwa mkono. Nikafungua gunia, nikatoa mizani ya chama, nikaining'iniza kwenye boriti.

"Mzee, unafanya nini?"

"Napima. Bi Ziada, korosho nyepesi ni korosho gani?"

"Mbovu," akajibu kama yuko darasani. Kisha akaongeza, "Au tuzitie kwenye beseni la maji. Nzima itazama, mbovu itaelea."

Ashraf akaikumbatia sipiyu. "Mama, nakuomba!"

"Usiogope, mwanangu. Sisi Newala maji yenyewe tunanunua. Hatuyachezei."

Ya kwanza ikasoma kilo saba. Ya pili, kumi na moja.

"Hiyo nyepesi ndiyo mpya," Ashraf akasema. "Nzito ni ya zamani, imechoka. Nawaambia kweli."

Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Mfanyabiashara anakwambia chukua nyepesi! Wimbo huo ndio uliotumaliza tangu tisini na nne.

"Nyepesi kampelekee mama yako," nikamwambia. "Sisi tuletee nzito kuliko zote."

Akasoma jina la chama kwenye lile gunia. Akamtazama Edmund, akamtazama tena.

"Ipo moja stoo," akasema taratibu. "Nendeni mkanywe chai kwanza."

Tuliporudi, iko mezani. Kilo kumi na mbili, bei ile ile. Nikalipa. Nikatoka kifua mbele na sipiyu yangu, mlango ukanibamiza mgongoni, pa!

Sikujiuliza chochote.

Landrova ilipoanza kupandisha mlima, sipiyu nayo ikaanza. Ngo. Ngo. Ngo.

"Jafari, inagonga," Edmund akasema.

"Injini nzito lazima isikike."

Ofisini ikawaka. Watu vigelegele, Bi Ziada machozi. Ikaandika uzito, ikakumbuka uzito, raha tupu. Ila karani akigusa meza tu, ngo. Maneno yakaanza. Ina jini. Hapana, ndani kuna mtu mfupi ndiye anayeandika. Wengine wakaacha kuleta korosho, jioni ukiwaona wanawachungulia walanguzi barabarani.

Msimu ulikuwa unatuponyoka hivi hivi, kwa sababu ya ngo.

Mkutano ukaitishwa. "Nang'olo Jafari," mzee mmoja akasema, akiniita mzee kwa kilugha chetu, kwa heshima ile inayouma, "wewe ndiye uliyepima. Ifungue."

Nikashika bisibisi. Jasho. Kifuniko kikatoka. Ndani, limefungwa kwa mpira wa baiskeli uliolegea, jiwe.

"Mlanguzi!" mtu akapiga kelele toka nyuma. Wengine wakadaka. "Mlanguzi! Mlanguzi!"

Nikapanda juu ya benchi, naapa namfuata Ashraf leo hii, dunia itasikia. Mara Mama Joel, mke wa mwenyekiti, aliyekuwa ameleta uji, akasukuma watu. Akalishika jiwe. Akaligeuza. Akalinusa.

"Hili jiwe langu la kusagia."

"Mawe yanafanana, Mama Joel," Edmund akasema, haraka mno.

"Pengo hili nimelitia mimi! Na mwaka tisini na nane uliniambia limebebwa na nguruwe pori!"

Ukumbi mzima ukamgeukia mwenyekiti.

"Mizani yao ilikuwa inatuibia," akasema kwa sauti ya mdomo mkavu. "Nikalitia kwenye gunia la korosho. Kusawazisha tu."

Wazee kadhaa kule nyuma ghafla wakaanza kukagua kandambili zao.

"Wakalipokea?" Mama Joel akauliza.

"Wakalipokea."

"Wakalilipia kama korosho?"

"Ndiyo, mama."

"Basi jiwe langu, hela yangu. Uji kanywe kwa nguruwe pori."

Kesho yake nikateremka Masasi na hasira zangu zote. Ashraf hakukimbia. Alivuta kiti.

"Kabla ya duka nilikuwa karani wa mnunuzi mmoja huko kwenu," akasema. "Jiwe lile nililipokea kama korosho, nikakatwa mshahara. Nikaliweka mlangoni nisilisahau. Mlipokuja na mizani kutaka uzito, nikamtambua mwenyekiti wenu, nikasema leo linarudi kwao."

"Na mizani yenu iliyotuibia je?"

Akainamisha kichwa. "Ilikuwa ya bosi."

Mnaona? Mkulima kaibiwa, karani kakatwa. Bosi hakupoteza hata punje!

"Na hiyo sipiyu uliyotupa?" nikauliza.

"Ile nyepesi. Mpya. Uliyosema nimpelekee mama yangu. Ile nzito mngelia nayo kabla msimu haujaisha."

 

Mashine ile, bila jiwe, iliandika korosho zetu misimu na misimu, na hakuna kilo ya mtu iliyopotea humo.

Ndugu zangu, wenye mizani zile sijawasamehe, na majina yao ninayo kichwani, kata kwa kata. Ila kilo walizotuibia si kitu. Walituharibu mpaka mtu akikwambia kweli, unacheka kofia inaanguka. Mkienda kununua kitu, mpingeni muuzaji, lakini msikilizeni kwanza.

Ukatibu hawakunivua. Ila jina lilibaki, nililiapia mwenyewe.

Juzi sokoni binti nisiyemjua kapiga goti, "Shikamoo, babu Mlanguzi."

Nikaitika marahaba.