Mnara wa Sebuleni

Niliufinyanga mnara wa mashujaa wa vita kwa kinyesi cha ng'ombe, nikaupaka samli ung'ae, nikauweka sebuleni. Ujinga gani huo! Juzi bwenini samli ya mwenzetu ilivunda kwenye tranka, nami nikaurudia utoto bila kupenda.

Kwetu Nyakahura kuta na sakafu tunasiriba kwa kinyesi hichohicho, nikaona pambo nalo litakauka tu. Bibi, ambaye mumewe alifia vitani asipate kaburi la kumlilia, aliupenda. Kila asubuhi aliushika kwa viganja viwili: "Umeamkaje, mzee wangu?" Nami nyuma ya pazia, kwa sauti nzito: "Salama, mke wangu, uji uko wapi?" Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi moja viganja vyake vikazama. Ndani hakukuwa kumekauka. Funza wanene, weupe, walimmwagikia hadi kwenye viwiko, na ule uvundo ukanijaa mdomoni kama kitu cha kutafunwa. Nikatapika. Bibi alisimama vilevile, akanong'ona, "Na huyu naye anaoza?"

Mama aliingia, akatutazama wote wawili, akasema, "Watoe hao funza mikononi mwa bibi yako kwa vidole vyako, mmojammoja, na ole wako uteme mate."