Mzito Kwenye Dirisha la Bima

Magoti yangu yamechoka kubeba unene huu. Juzi nilikwenda hospitali moja hapa Geita kuuliza kama bima yangu italipia upasuaji wa kuupunguza. Dirishani, kwa aibu, nikanong'ona: "Mimi ni mzito. Naomba upasuaji."

"Hongera, mama! Bima inaulipia wote," binti wa dirishani akajibu, akanielekeza ndani.

"Wabeja!" nikamshukuru kwa Kisukuma. Nikajilaza kitandani, feni ikinibembeleza, nikajiona mwepesi kama pamba ya mashamba ya Didia, nikipeperuka juu ya mashimo ya dhahabu. Muuguzi akanishika tumbo.

"Mtoto anacheza?"

"Sana," nikajibu nikiwa bado angani. "Ndiye golikipa wa shule."

Wajawazito chumba kizima wakaangua kicheko. Muuguzi akafuta machozi. "Mama, bima inalipia kumtoa mtoto tumboni. Ugali utautoa mwenyewe."