Mashine Ilisimama, Sauti Ikaendelea

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaipata kwa watu wa Kawangware, maana wao huongeza chumvi na hii yangu ina chumvi ya kutosha. Niliumbuka mchana kweupe, mbele ya mafundi wote wa kule, nikiwa nimevaa dastikoti mpya iliyoandikwa jina langu mfukoni, na aliyeniumbua ni mume wangu, ambaye hata hakuwa hapo.

Mimi ni fundi wa redio pale Makina, Kibera (ndiyo, mwanamke, na ndiyo, nashika solda vizuri kuliko kaka yako). Kwa miezi mitatu nilikuwa nikiunda mashine ya kunasa sauti kama ile ya kwanza kabisa duniani, isiyojua umeme wala betri. Unaongea kwenye tarumbeta ya mabati, kifuniko cha mkebe wa maziwa ya unga kinatetemeka, na sindano ya cherehani niliyoigundisha hapo inachora mfereji kwenye foil, hii hii ya kufungia nyama, ambayo nimeiviringisha juu ya bomba la maji lenye mkono wa kuzungusha. Ukirudisha sindano mwanzo na kuzungusha tena, maneno yako yanarudi. Wenyewe waliotangulia walihangaika sana. Kuna Mfaransa mmoja aliyechora sauti kwenye karatasi ya masizi, akaiona kwa macho lakini hakuwa na njia ya kuisikia tena, na mimi humhurumia sana yule mtu. Baadaye akaja Mmarekani na karatasi yake ya bati, naye sauti yake ikarudi, na mwenyewe alikuwa hasikii vizuri! Nikifikiria kwamba hao na mimi wa Makina tumefanya kazi moja, kifua kinanijaa, siwafichi.

Sasa, kule Kawangware kuna kituo cha mafunzo kilichokuwa kinatafuta mtu wa kufundisha vijana mambo ya kurekodi. Msimamizi wake, Madam Nekesa, aliita mafundi waje Jumamosi waonyeshe kazi zao mbele ya watu, na atakayempendeza apewe darasa. Nililitaka lile darasa vibaya sana. Miaka kumi na miwili nafungua redio za watu na hakuna aliyewahi kuniita mwalimu.

Shida ilikuwa moja tu. Mashine ilinong'ona. Sauti ilitoka, maneno yalisikika, lakini ilikuwa ndogo kama ya mbu ndani ya chupa, na mimi nilijua kule kutakuwa na Njuguna, fundi wa mageti, ambaye kila akiniona husema watu wa Kibera ni mdomo tu.

Basi Ijumaa jioni nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kweli. Nikaficha spika ndogo isiyo na waya ndani ya boksi la mbao lililobeba mashine, nikafunga boksi kwa skrubu nne. Halafu nikajirekodi kwa simu: "Hamjambo, mimi ni sauti iliyonaswa kwa bati na sindano, natoka Makina." Nikamtumia mume wangu, Baba Ndanu, aliyekuwa ameniona nikificha ile spika, kama ujumbe wa sauti, ndiyo nibaki nao kwenye simu (fundi mzima wa sauti, na hiyo ndiyo njia ya haraka niliyoijua). Naye akajibu kwa jumbe mbili za sauti, ambazo sikuzifungua, maana huyo mtu hata salamu yake ina utangulizi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Zamu yangu ikafika, nikaeleza historia yote, Mfaransa na masizi yake, Mmarekani na bati lake, watu wananitazama, nikazungusha mashine kwa mkono wa kulia na kidole gumba cha kushoto kikabonyeza simu mfukoni. Sauti yangu ikatoka kwenye tarumbeta, nzito, safi, ikajaza ukumbi. Watu wakapiga makofi na miluzi. Hata Njuguna alipiga makofi, na mimi nikainamisha kichwa kidogo hivi, kama mtu aliyezoea.

Lakini mnajua jumbe za sauti zilivyo, moja ikiisha inayofuata inajifungua yenyewe.

"Mama Ndanu," tarumbeta ikasema kwa sauti ya mume wangu, "hiyo umeongea poa, lakini mi naona si poa kudanganya watu wa Kawangware na hako kaspika umeficha kwa boksi."

Nikaendelea kuzungusha! Sijui nilifikiria nini, labda kwamba nikizungusha kwa bidii wataona ni sehemu ya historia. Halafu mkono ukachoka, nikaacha, na Baba Ndanu hakuacha.

"Mama," Njuguna akasema polepole, "mashine imesimama."

Kutoa simu mfukoni ilikuwa ni kukiri, kwa hivyo nikabonyeza bila kuona, mara hapa, mara pale, na nilichofanikiwa kufanya ni kuongeza sauti.

"Hiyo mashine yako inaongea! Si niliisikia jana? Waonyeshe tu hivyo ilivyo." Kisha ujumbe wa pili ukaingia bila kubisha hodi. "Na hiyo githeri uliacha kwa jiko ukicheza na bati imeungua. Nimepea mbwa ya jirani, ikanusa ikaenda."

Ukumbi ulicheka hadi mabati yakatetemeka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na boksi langu.

"Toa simu, weka kwa meza," Madam Nekesa akasema, na yeye hakuwa anacheka. Nikaiweka. Nikalia kidogo pia, sitawadanganya mara ya pili.

Nilipoanza kukusanya vitu vyangu, Njuguna akasimama. "Ngoja. Bwana yako amesema mashine inaongea. Inaongea ama haiongei?"

"Inaongea, lakini kidogo."

"Basi leta hiyo kidogo."

Akatoka mwenyewe kwenda kuzima jenereta iliyokuwa ikinguruma nje. Nikafunga foil mpya, naye akaingiza mdomo kwenye tarumbeta akapiga kelele: "Niaje! Mimi ni Njuguna, fundi wa mageti!" Nikarudisha sindano mwanzo. Nikaanza kuzungusha taratibu. Njuguna akapiga magoti, akaweka sikio, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Ngai! Ni mimi," akasema. "Watu wangu, ni mimi huyu!"

Wakapanga laini hadi mlangoni. Akina mama, mafundi, mlinzi wa kituo, kila mmoja akiinama na kuweka sikio kumsikia Njuguna mdogo ndani ya bati, na hapo aibu yangu yote haikuniondoka, lakini ilipata jirani. Niliona fahari ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Madam Nekesa alisikiliza mara mbili. "Darasa ungelipata leo leo bila hiyo spika," akaniambia. "Sasa nakupa mwezi mmoja wa kujaribiwa, na ukiingia kufundisha, simu inabaki ofisini kwangu."

Nilipofika nyumbani Baba Ndanu akaniuliza, "Haya, walisikia?"

"Walikusikia wewe kwanza," nikamwambia, na nikamweleza yote, akacheka hadi akaomba maji.

Mwezi wa kujaribiwa uliisha na bado nafundisha. Vijana wananiita mwalimu, ila mafundi wa Kawangware wananiita Mama Spika, na nikiitwa naitika, nitafanya nini? Lakini nimeapa. Kitu changu kikiwa kidogo nitakitoa kikiwa kidogo hivyo hivyo, na anayetaka kukisikia, asogee.