Sauti ya Mwisho Kabla Korti Haijafungwa

Mdogo wangu Gideon Stovall alikuwa mtengeneza mapipa ya tumbaku, na mapipa yake hayakuvuja. Kilichovuja ni mdomo wake. Ujanani alihubiri mashambani bila kibali, kama walivyofanya Wabaptisti wengi hapa Virginia, na Kanali Yardley, aliyekuwa hakimu siku hizo, akamtia jela. Gideon akaendelea kuhubiri kupitia dirisha la jela, watu wamesimama nje kwenye matope wakimwitikia amina. Alipotoka, alitoka na kifua kibovu. Kikohozi kile aliishi nacho kama mke wa pili.

Shamba alilolima halikuwa lake. Lilikuwa la Bwana Penhallow, kama nusu ya kaunti yetu. Alilikodi kwa maisha matatu, ndivyo tulivyokodi wengi: yanaandikwa majina ya watu watatu, na maadamu mmoja wao anapumua, shamba ni lenu. Wa mwisho akikata roho, mnatoka. Mtu wa mkataba huo alihesabiwa mwenye ardhi, kwa hiyo alikuwa na kura. Gideon aliandikisha jina lake, la mkewe Keziah, na la mwanawe Mika. Keziah akafa kwa uzazi. Mika akafa kwa homa. Ikabaki pumzi moja, nayo ya mtu wa kukohoa usiku kucha. Binti yake Dorcas, mjane mwenye nyonga mbovu na watoto wawili wadogo, alikuwa anaishi kwa pumzi hiyo.

Basi baridi ile tulipokuwa tunajiandaa kumpeleka mtu wetu kwenye Kongresi ya kwanza kabisa ya nchi yetu mpya, Bwana Penhallow alikuja mwenyewe karakanani. Nilikuwepo. Hakushuka kwenye farasi.

"Gideon, nasikia unataka jina la Dorcas liingie kwenye mkataba."

"Nataka sana, bwana."

"Ni jambo jema. Shemeji yangu Kanali Yardley anagombea, unajua. Uchaguzi ukiisha, njoo nyumbani tuliandike."

"Na nisipomchagua?"

"Mimi sijasema neno hilo," akajibu Penhallow, akavuta hatamu. "Umelisema wewe."

Aliyeshindana na Kanali alikuwa Bwana Cathcart, mtu mfupi, mkavu, asiyejua kuchekesha watu. Lakini aliahidi kwamba sheria ya nchi mpya itakataza mtu kufungwa kwa sababu ya kusali. Wabaptisti wote walikuwa wake kufa na kupona. Nami nilimwambia ndugu yangu waziwazi jioni ile, mbele ya Dorcas aliyekuwa akikoroga uji wa mahindi.

"Mchague Kanali. Mungu anaujua moyo wako. Penhallow anaujua mdomo wako tu."

"Dada, kwa mdomo huo ndio nilifungwa."

"Umeshafungwa, yameisha! Sasa kuna watoto. Utawalisha mahubiri?"

Dorcas hakuinua kichwa. "Baba anajua hali niliyo nayo," akasema, akapakua uji.

Kwetu kura haikufichwa. Unasimama mbele ya meza kortini, sherifu anakuuliza unamchagua nani, unataja jina kwa sauti kila mtu asikie, karani anaandika. Wagombea wenyewe wamekaa hapo hapo wanakutazama usoni, na uliyemtaja anainuka, anakuinamia na kukushukuru. Ni desturi nzuri kwa mtu anayejimiliki. Kwa mpangaji ni kama kuvuliwa nguo sokoni.

Gideon akapata ujanja wake. Angechelewa. Angekuja jua likizama, wakati mgombea mmoja ameshamwacha mwenzake mbali na sauti moja haimjengi mtu wala kumbomoa. Hapo angetaja jina la Kanali, Penhallow aridhike, na Cathcart asipoteze kitu. Nilimsifu. Niliona mara hii akili imemwingia.

Siku yenyewe theluji ilifika magotini. Nilikuwa uani pa korti tangu asubuhi nikiuza keki zangu za tangawizi, na kila vidole viliponifa nilijipenyeza ndani kando ya moto. Wino uliganda, karani akawa anaupasha kwa mshumaa. Njia zilikuwa mbaya, watu wakaja wachache, na hapo ndipo ujanja wa Gideon ulipoanza kuoza. Hakuna aliyemwacha mwenzake. Kanali akipanda, wanakuja Wabaptisti kwa kundi, Cathcart anapanda. Mchana Penhallow akamleta Mzee Fenner, asiyeweza hata kusimama, amebebwa kwenye kiti. Waliombeba walikuwa watumwa wa Penhallow. Wao hawakuulizwa wanamtaka nani, wala mimi sikuulizwa. Mzee akapumua "Yardley," karani akaandika, na watu wakapiga kelele nje kama kwenye mbio za farasi.

Kura zikawa sawasawa.

Nilitazama mlangoni, nikaona sleji ya Gideon, gari lake la kuteleza thelujini, inaingia uani, Dorcas ameshika hatamu. Niliacha kapu langu nikakimbia.

"Rudi! Rudi nyumbani, ziko sawa!"

"Nini ziko sawa?"

"Kura, wewe! Hakuna aliyezidi!"

Rangi ilimtoka. Akamtazama binti yake, akatazama njia aliyotokea. Lakini Rudd, msimamizi wa Penhallow, alikuwa ameshamwona. Alikuja na kikombe cha ramu mkononi, anacheka.

"Ahaa, mhubiri! Tulidhani umemeza ulimi. Ingia, ingia, bwana anakungoja."

Sherifu alitoka mlangoni akapaza sauti: "Mabwana wenye ardhi, ingieni mtoe sauti zenu, la sivyo nafunga!" Hakuna aliyesogea. Akaita tena. Dorcas alishuka akichechemea, akamfunga baba yake skafu vizuri shingoni, kama unavyomfunga mtoto anayekwenda kucheza.

Ndani palikuwa na joto, pananukia ramu na makoti mabichi. Watu wakafungua njia. Penhallow alisimama nyuma ya kiti cha shemeji yake, mkono begani kwake. Cathcart alikuwa anatazama meza.

"Jina lako?" akauliza sherifu, ingawa walikulia pamoja.

"Gideon Stovall."

"Unamchagua nani?"

Akafungua mdomo, kikohozi kikamshika. Kikamkunja hadi akashika ukingo wa meza. Watu walianza kucheka, kisha wakaacha.

"Amesema Yardley!" Rudd akapiga kelele. "Nimemsikia mimi. Andika!"

"Sijasikia jina," akasema sherifu. "Mwacheni."

Ndipo Kanali Yardley akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa wema au mchezo. Alichukua bilauri yake mwenyewe, akamnyooshea juu ya meza. "Kunywa, Stovall. Pumua kwanza." Mkono ule ndio uliotia sahihi ya kumfunga. Gideon aliipokea kwa mikono miwili, akanywa taratibu, akairudisha.

"Asante sana, Kanali," akasema.

Nyumba nzima ikashusha pumzi. Penhallow akatabasamu. Kanali akaanza kuinuka ili ainame, na mimi nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Jina la Dorcas niliona limeshaandikwa.

"Asante kwa kinywaji," Gideon akaendelea, na safari hii sauti ilikuwa ile ya dirisha la jela. "Lakini sauti yangu ni ya Bwana Cathcart."

Kanali alibaki nusu wima, nusu ameketi, hajui aende juu au chini. Cathcart aliinuka, akamwinamia ndugu yangu mpaka nywele zikagusa meza. Sherifu aliita mara ya mwisho mlangoni. Hakuja mtu. Akafunga.

Nje watu walimbeba Gideon mabegani. Mimi ningeweza kumchapa kofi. Walipomshusha, Penhallow alikuja akivaa glavu zake, wala hakuwa na hasira usoni.

"Gideon. Una afya?"

"Nina afya, bwana."

"Itunze," akasema Penhallow, akapanda farasi wake.

Kila aliyesikia alielewa. Dorcas alielewa kuliko wote. Aliendesha sleji mpaka nyumbani kimya, na kimya hicho kilidumu hadi theluji ilipoyeyuka. Alimpikia, alimfulia, hakumsemesha. Siwezi kumlaumu. Cathcart alikwenda Kongresi, na baada ya miaka michache sheria ya kusali ikapita. Sisemi ilipita kwa sauti ya Gideon. Waliotoa sauti walikuwa wengi. Lakini bei yake ililipwa na binti yule.

Tangu hapo kazi ya ndugu yangu ikawa kuishi. Aliacha kuvuka kijito wakati wa baridi. Aliacha ubishi, jambo ambalo sikulitegemea. Dorcas alimshonea koti zito, akawa anaamka kabla ya kuku ili ampashie tofali la miguuni, na katika kuhangaika huko hasira ikamwisha bila mwenyewe kujua. Rudd alikuwa anapita barabarani kila asubuhi kuangalia kama moshi na uhai bado vipo. Basi Gideon akazoea kutoka hadi langoni kabla hajaulizwa, akishikilia nguzo, na kupaza sauti kama yuko mbele ya sherifu: "Gideon Stovall! Nipo!" Wajukuu waliamkia sauti hiyo. Walikua nayo hadi mkubwa akaweza kushika jembe na mdogo akajua kusoma. Penhallow alizikwa kabla yake, na Gideon alikuwepo makaburini, kofia mkononi, anakohoa. Mrithi wa Penhallow hakuwa tofauti. Jina la Dorcas halikuandikwa.

Asubuhi niliyoitwa, nilimkuta ameshanyooshwa kitandani, ametulia, kifua kimenyamaza kwa mara ya kwanza tangu jela. Nyumba ilikuwa tupu. Mkokoteni ulisimama nyuma umeshapakiwa, masufuria, magodoro, vyombo vya karakana. Dorcas alikuwa amepakia usiku kucha huku baba yake anakata roho, na mzee akimwona.

Rudd akapita. Hakusikia sauti, akasimamisha farasi.

"Mzee anaendeleaje leo?"

Nilimshika Dorcas mkono. Nilimnong'oneza amwambie amelala, tupate walau siku moja ya kumzika kwa utulivu. Akautoa mkono wangu taratibu.

"Hapana, shangazi. Siyo kwenye lango hili."

Alichechemea hadi pale, akashika nguzo aliyokuwa akiishika baba yake, na akapaza sauti hadi Rudd akavua kofia:

"Gideon Stovall! Amekufa!"