Fundi na Lori la Mikebe

Fundi wa redio wa karibu na soko la mifugo, hapa Isiolo, hakugusa taa kabla ya kutafuta rezista. Mwaka ule wa themanini na tatu alikuwa anaunda lori la mikebe, kwa raha yake tu, na nyuma alitaka taa mbili nyekundu, zile ndogo kama punje ya mahindi. "Taa ukiipa betri ya gari moja kwa moja, inakufa hapo hapo," aliniambia kila asubuhi nikipita kufungua duka langu. Kisha aliinua rezista, kile kidude chenye mistari ya rangi kinachopunguza nguvu ya betri, akakipuliza vumbi. "Wario, soma rangi." "Buluu, kijivu, kahawia." "Sawa. Unajifunza." Nami nilijiona mwanafunzi. Vidole vyake vilipapasa meza polepole vikitafuta waya, na kwenye kidole gumba hapakukosa lengelenge jipya la chuma cha kulehemu. Nilidhani ni uzembe wake tu.

Siku lori lilipokamilika, alinikalisha kwenye kibao, akafunga mlango wa bati ili tupate giza. Nikamsikia akiunganisha waya na betri. Taa zote mbili zikawaka, nyekundu kabisa, hata zikamulika ndevu zake, kwa vile alikuwa ameinama karibu sana. Akangoja. Akapangusa macho kwa kikoi, akainama tena mpaka pua ikagusa mkebe.

"Wario," akauliza kwa sauti ndogo, "zimewaka?"