Nilivyokwama Angani na Mama Mkwe

Wazo la kupiga kambi lilikuwa la mke wangu. Shule zilikuwa zimefungwa, na alichoka kuwaona watoto wetu wawili wamelala kwenye kochi kama nguo zinazosubiri pasi. Mombasa ni mbali, na mimi nilikuwa na siku chache tu za likizo. Akapata mahali hapa karibu, Ruiru, bustani kubwa ya michezo yenye bembea za kila aina, mabwawa ya kuogelea, na uwanja wa nyasi ambapo familia huruhusiwa kulala hemani.

Mimi sikuwa nimewahi kulala hemani. Rafiki yangu wa kazini, ambaye huenda kambi na vijana wa kanisa lake, alinishauri nijaribu kulisimamisha hema nyumbani kwanza, na tukifika huko nitafute mahali palipoinuka, maji ya mvua yasije yakatukuta. Basi Jumamosi moja nikalitandaza katikati ya ploti yetu ya nyumba za kupanga kule Kamenu, Thika, chini ya kamba za nguo. Zile fimbo zake zilikuwa na kiburi. Nikiinamisha hii, ile inaruka. Liliposimama hatimaye, niliingia na watoto tukajinyoosha kuona kama tutatoshea. Tukiwa mle ndani tukasikia viatu vikisimama nje.

"Hodi," ilikuwa sauti ya jirani yetu wa nyumba ya mwisho. "Poleni sana jamani. Kwani landlord amewafungia nyumba?"

Nikatoa kichwa nikamweleza kwamba hayo ni mazoezi ya likizo. Akanitazama kwa ile huruma ya mtu anayejua kuwa wanaume hawapendi kusema shida zao. Jioni akatuletea sufuria ya githeri. Mke wangu alitaka kuirudisha, lakini watoto walikuwa wameshachukua vijiko.

Kisha mke wangu akampigia mama yake simu.

Mama mkwe wangu anaishi Kalimoni, kwenye shamba lake la mahindi na ng'ombe mmoja. Aliposikia wajukuu wake watalala nje, hakuuliza maswali mengi. "Ngojeni, nakuja," akasema, na simu ikakatika.

Sasa, mtu asiye Mkikuyu huenda asione tatizo liko wapi. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani ovyo. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwa nimewahi kukaa naye kiti kimoja. Nikiingia sebuleni kwake, yeye huinuka akaenda kuangalia maziwa jikoni, hata kama ng'ombe hajakamuliwa. Mimi namwita mami, yeye ananiita baba ya watoto, na mara nyingi maneno yetu hupitia kwa mke wangu hata tukiwa chumba kimoja. "Muulize kama ataongezwa chai." "Mwambie nimeshiba." Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa amani. Na hema lilikuwa moja.

Tulimpitia siku ya safari. Alikuwa amesimama kando ya barabara na godoro lililofungwa kwa kamba, kiondo kimejaa hadi shingoni, na mtungi wa maji kwa sababu haamini maji ya watu. Tulipofika nikachagua mahali palipoinuka, nikasimamisha hema bila fimbo kuruka hata moja. Nilijivuna kidogo. Mama mkwe akalizunguka polepole kama anakagua ng'ombe wa kununua, kisha akamgeukia binti yake.

"Na huyu atalala wapi?"

"Hapa ndani, mami. Kuna pazia katikati."

Akalishika pazia kwa vidole viwili. "Hii ni neti. Mwambie gari lake lina viti vizuri."

Nikalala kwenye gari. Niseme tu kwamba anayetaka kulala kwenye gari asilale kiti cha dereva. Kulipoanza kupambazuka niligeuka, goti langu likabonyeza honi, na kambi yote ikaamka. Mwanamume wa hema la jirani alitoka nje na mwiko mkononi.

Baada ya chai watoto wakatuburuta kwenye michezo. Mvulana wetu, ambaye ni wa sekondari na haonyeshi furaha mbele ya wazazi, alisema kila kitu ni "poa tu" na akarudia kila kitu mara nyingi. Msichana, ambaye bado ni mdogo, alitaka lile gurudumu kubwa linalopandisha watu angani, na alitaka kulipanda na cucu, yaani nyanya yake. Cucu hakuweza kumnyima. Akafunga kitambaa kichwani vizuri, akakikumbatia kiondo chake, akaingia kwenye kiti pamoja na mtoto. Mimi nikainama kumsaidia mtoto kukaa vizuri.

Hapo mtoto akaangalia juu. Akapiga ukemi, akaniponyoka, akaruka chini hadi kwa mama yake.

"Mzee, kaa basi, watu ni wengi!" kijana wa mashine akasema, na kabla sijasema chochote akanisukuma taratibu nikakaa, akafunga chuma mbele ya magoti yetu. Kiti kikaondoka.

Nilikuwa nimegusana bega na mama mkwe wangu. Mimi nikageukia upande wa Thika, yeye akageukia upande wa Nairobi. Nilijiambia ni mzunguko mmoja tu, nikakaza macho kwenye mapaa ya mabati ya Ruiru. Tulipofika juu kabisa gurudumu likatikisika, muziki wa kule chini ukazimika, nasi tukasimama.

"Stima imepotea!" mtu akapaza sauti. "Jenereta inawashwa!"

Jenereta ikakohoa. Ikanyamaza. Ikakohoa tena. Kiti kikaanza kuyumba kwa upepo.

"Ngai," mama mkwe akasema. Kisha akanishika mkono. Hakuushika kidogo. Aliushika kama mtu anayeshika kwato za ndama anayezaliwa. "Baba ya watoto, omba."

Nikafumba macho nikaomba haraka, nikasema amina.

"Hiyo ni ya chakula," akasema.

Alisema kweli. Nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa tulichopewa na kwa mikono iliyotayarisha. Akaomba yeye. Alimwombea kila mtu aliyekuwa kwenye gurudumu, fundi wa jenereta, ng'ombe aliyeachwa Kalimoni, na mkwe wake, "ambaye si mtu mbaya." Wanawake wa kiti cha chini yetu wakaitikia amina. Chini kabisa nilimwona mke wangu ameinua simu anatupiga video, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Jenereta iliendelea kukohoa. Mama mkwe akafungua kiondo kwa mkono wake mmoja, kwa sababu ule mwingine haukuwa tayari kuniachilia, akatoa nduma za kuchemsha na kunipa. Tukala. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tuliyokula tukiwa tunatazamana.

"Siku mlipokuja nyumbani kuuliza msichana," akasema, "mimi nilikataa. Nilimwambia mzee, huyu ni mwembamba sana, hawezi kubeba gunia."

"Na mzee akasemaje?"

"Akasema tumpe chakula tuone. Ukamaliza sahani ya kila mtu." Akatafuna kidogo. "Nikasema basi, huyu atanenepa."

Nikacheka hadi kiti kikayumba, naye akanipiga begani niache, kisha naye akacheka, kicheko kirefu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwa sababu siku zote alikipeleka jikoni. Aliniuliza kuhusu kazi yangu. Nikamuuliza kuhusu miguu yake inayomsumbua, akanieleza mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Jenereta iliponguruma na kiti kikaanza kushuka, tulikuwa katikati ya habari ya jirani yake na ua wa shamba, na niliona wazi kwamba hakufurahia kukatizwa.

Jioni mawingu yalitanda kutoka upande wa Juja. Nikachukua blanketi langu kwenda kwenye gari.

"Wapi?" mama mkwe akaniuliza, yeye mwenyewe, moja kwa moja. "Unataka kuamsha watu na honi tena? Lala hapo mlangoni. Na ugeukie huko."

Nikalala mlangoni, nimegeukia huko. Mvua ilinyesha na maji yakatupita kando. Yeye alikoroma kushinda mvua.

Siku ya kurudi nilimshusha kwake. Nilipokuwa nikimbebea godoro, jirani yake akaja langoni kuuliza kambi ilikuwaje.

"Tulikwama juu angani," mama mkwe akamwambia. "Huyu kijana alilia! Nikamshika mkono, nikamwombea, nikampa nduma ndiyo akatulia."

Jirani akaniangalia. "Ni kweli?"

Mama mkwe alikuwa amesimama wima, ameshika kiuno, ananisubiri.

"Kabisa," nikasema. "Bila mami ningeruka."

Akaingia ndani mbio kututengenezea chai, na safari hii akaniita nikakae jikoni.